Tasbihi Mbele ya Geji

Mkuu wa chuo chenu amenitaka niandike kurasa chache za kuwatia moyo vijana mnaojifunza ufundi wa mitambo. Nilimjibu kwamba moyo wa kumtia mtu sina, wangu mwenyewe umebaki nusu. Akasema basi andika chochote unachokijua. Ninachokijua ni valvu. Nimezishika tangu ndevu hazijanitoka vizuri mpaka leo, ambapo mkono unatetemeka hata chai inanimwagikia. Kwa hiyo nitakuandikieni habari za valvu, na za mtu aliyenifundisha, na yaliyo mwishoni hayatamtia mtu moyo. Anayetaka kuacha hapa aache, akacheze mpira.

Kiwanda chetu kilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya Bububu. Tulikuwa tukishindika mbata, yaani nazi kavu, tunatoa mafuta ya nazi, na mashudu yanayobaki yanakuwa chakula cha ng'ombe. Kabla ya Mapinduzi kilikuwa cha mtu. Baada ya Mapinduzi kikawa chetu sote, na kitu cha sote mnajua kinavyotunzwa. Ndani ya kiwanda kulikuwa na mashine nne za kushindikia. Pampu inasukuma mafuta ya mashine ndani ya mabomba, na mafuta hayo ndiyo yanayoishusha sahani ya chuma juu ya mbata, kisha yanaipandisha tena. Sahani yenyewe nzito kuliko ng'ombe watatu. Ikishapanda, pampu husimama, na kitu pekee kinachoizuia isishuke ni valvu moja ya ukubwa wa ngumi. Chini ya sahani hiyo mtu anaingiza mikono yake kutoa mashudu. Mkishaelewa hapo mmeshaelewa valvu ni nini, mengine mtayasoma vitabuni.

Fundi wetu mkuu aliitwa Badru, Mngazija wa mtaa wa Malindi, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, aliyefunga vifungo vya shati mpaka kooni hata kaskazi ikichoma. Mimi nilikuwa msaidizi wake, tayari mtu mzima mwenye mke, na nilijiona najua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kiburi. Alinipa valvu ya mashine namba mbili nisage kiti chake. Kiti ndipo mahali kizibo kinapokalia, na kikikaa vizuri haipiti hata pumzi. Nilisaga kutwa nzima kwa unga wa msasa uliochanganywa na mafuta, nikakifanya kipana, laini, kinang'aa. Nilikwenda nayo valvu kwa Fundi kama mtu anayepeleka posa. Akapitisha ukucha, akaninyanyulia macho.

"Makame, hiki kiti au kioo? Wataka kunyolea ndevu?"

"Si laini, Fundi?"

"Laini. Na kipana kama baraza. Kiti kipana humkaribisha mchanga akae aburudike. Mchanga ukishakaa, valvu haifungi. Isipofunga lapita tone. Na tone likipita kwa nguvu ile, bwana, lachonga chuma. Kesho si tone tena, ni mfereji. Kasage upya. Upana wa kijiti cha kibiriti, basi, mchanga ukija ukatike."

"Na nikikifanya chembamba zaidi?"

"Kitapondeka. Usinizidishie ubingwa."

Shikeni hilo, nimekupeni bure. Valvu haiuliwi na nguvu, huuliwa na tone la kwanza. Mtu akikwambia, "Inavuja kidogo tu," ujue anakupa habari ya msiba.

Baada ya Mapinduzi vipuri viliacha kuja. Mwenye kiwanda wa zamani alikimbia, na anwani za waliokuwa wakimletea vipuri alikimbia nazo. Tuliandika barua tukizielekeza kwa kukisia, na hazikujibiwa. Tatizo ni kwamba valvu zile zilikuwa zimeundwa kipande kimoja, kiti na mwili pamoja. Kiti kikilika kupita kusagika unatupa valvu nzima. Fundi Badru aliigeuzageuza moja mkononi, akasema, "Aliyeunda kitu hiki alikuwa na duka."

Akachukua chaki, akachuchumaa, akachora valvu mpya sakafuni, na sisi tukawa tunairuka siku tatu tusiifute. Kiti kiwe pete ya shaba inayochomolewa. Juu yake, badala ya kizibo chenye ncha, ikae gololi ya chuma kigumu, tukaitoa kwenye beringi ya lori bovu. Nilimwuliza kwa nini pete iwe ya shaba laini na gololi ngumu, kwa nini visiwe vigumu vyote viwili, vidumu.

"Vitu viwili vikisuguana, kimoja shurti kilike," aliniambia. "Ukiviacha vichague vyenyewe vitalika vyote. Chagua weye. Na chagua kile unachoweza kukikereza tena Jumamosi asubuhi."

Shaba tuliipata Bububu kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu, aliyetuapia kwamba imetoka kwenye treni ya zamani. Kila chuma chake kilitoka kwenye treni ya zamani. Yangekuwa kweli maneno yake, treni ile ingekuwa na mabehewa ya kufika Nungwi. Lakini shaba ilikuwa shaba kweli, na valvu ile ilidumu kupita zile za asili. Meneja aliitia katika taarifa yake, akaandika ni matunda ya wafanyakazi. Jina la Badru halikuwemo. Aliyekasirika ni mimi, si yeye, na huo ulikuwa ushujaa wangu wa mwisho kwa ajili yake.

Kudumu peke yake hakukumtosha. Alitaka kujua itadumu mpaka lini. Alikuwa akisema kitu kibovu hakina hatari kubwa kwa sababu watu wanakiogopa, hatari iko kwenye kitu kizuri ambacho hujui mwisho wake. Basi kila Jumatatu asubuhi kabla ya kazi alikwenda mashine moja moja. Anaipandisha sahani mpaka iguse kichwa cha mashine, anasukuma mpaka mshale wa geji ya kupimia msukumo ufike alama nyekundu, anasimamisha pampu. Kisha anahesabu mshale unachukua muda gani kushuka mpaka alama nyeupe. Valvu nzima, mshale unashuka kwa uvivu. Valvu iliyolika, unashuka mbio.

Kwa kazi hiyo mtu anahitaji saa, na saa hakuwa nayo. Ya mkononi ilikwenda na siku zile za Januari, za Mapinduzi. Hakusema nani aliyemvua, wala mimi sikumwuliza, kwa kuogopa asije akanitajia mtu ninayemjua. Saa ya ukutani ya kiwanda nayo ilisimama saa mbili na robo, ikaachwa hivyo hivyo. Akatumia tasbihi. Punje moja, subhanallah moja, hana haraka wala hachelewi, mkono wake ulishazoea tangu utoto. Siku moja nilimpima kwa saa ya kuazima. Katika punje tisini na tisa hakunipotea hata sekunde mbili.

Pete mpya ilishika tasbihi tatu nzima. Kila Jumatatu aliandika hesabu katika daftari na kutia alama kwenye ukurasa wa miraba. Mwanzo zinapungua punje moja, wiki nyingine mbili. Kisha tano. Kisha kumi na kitu. Ukiunganisha alama zile kwa penseli hupati mstari ulionyooka, unapata mteremko unaozidi kuinama kila ukishuka, kwa sababu uvujaji unachonga, na mchongo unazidisha uvujaji. Yeye aliurefusha mteremko ule kwa penseli mpaka ukagusa chini, akahesabu miraba, akasema, "Pete hii wiki ya tatu kutoka leo." Tukaitoa kabla, tukaitazama, na kweli ilikuwa imebakiwa na siku chache. Alinifundisha hayo yote. Ikafika wakati Jumatatu nyingine ananipa tasbihi mimi, naye anaandika, au naandika mimi naye anahesabu.

Sasa nije kwenye mdomo wangu. Mimi mtu wa Mangapwani, neno likinijia sijui kulimeza. Asubuhi moja Pandu, Mtumbatu aliyekuwa akifanya kazi mashine namba tatu, alimkuta Fundi amesimama mbele ya geji, macho juu, midomo inacheza, tasbihi mkononi. Akaninong'oneza, "Makame we, huyu anaisalia mashine?"

"Anapiga ramli," nikamwambia. "Ataka kujua siku yake ya kufa."

Pandu alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtu wa kucheka kwa mwili mzima, na mikono yake mikubwa akiipiga mapajani. Kufika adhuhuri kiwanda kizima kilikuwa na neno hilo. Watu wakawa wanamwita Fundi kutoka mbali, "Leo nyota zasemaje?" Naye anajibu bila kugeuka, "Zasema kafagie chini ya mashine yako." Lile daftari tukaliita daftari la ramli. Nilijivunia neno langu kama mtu aliyetunga shairi.

Wakati ule ule mafuta ya mashine yakawa hayapatikani. Fundi alikwenda kwa Meneja, nami nikamfuata nyuma. Meneja wetu alikuwa mtu wa mikutano. Jina lake sitalitaja, ameshakufa na wanawe ni watu wema.

"Bwana Meneja, mafuta yamekwisha. Pampu yataka mafuta."

"Fundi Badru, kiwanda cha mafuta kitaombaje mafuta? Si haya hapa madebe na madebe uani? Tieni hayo."

"Hayo ya kupikia, bwana."

"Mafuta ni mafuta. Tujitegemee."

Lugha yetu tamu, lakini hapo ilitutia shimoni. Tungekuwa na majina mawili kwa vitu vile viwili labda Meneja angesita. Mafuta ya nazi ndani ya pampu, vijana wangu, ni balaa. Asubuhi za kipupwe yanaganda meupe bombani, na gololi inanata isishuke kitini. Jua likipanda yanayeyuka, na ndani yake mna vumbi la mbata ambalo hakuna chujio la kitambaa linaloliweza. Yakikaa yanachacha, na yakichacha yanakula shaba. Tulichuja kwa kitambaa cha marekani mara mbili, mara tatu. Mikono ilitunukia kama ya wapishi.

Hesabu zikaanza kuporomoka. Jumatatu moja namba tatu haikumaliza hata tasbihi moja. Fundi alichora mteremko wake, akaufuta, akauchora upya. Kisha akavaa kofia yake akaenda kwa Meneja kuomba siku mbili, moja ya kusafisha mabomba na moja ya kubadilisha pete. Meneja alisema haiwezekani, Ijumaa ya wiki ya pili wanakuja wageni wakubwa kukiangalia kiwanda, na mashine zote zionekane zinafanya kazi.

"Namba tatu haifiki Ijumaa hiyo," Fundi alisema. Makarani wawili walimsikia, na mimi.

Aliporudi hakulalamika. Alichukua msumeno, akakata gogo la mfenesi urefu wa kutoka kitanda cha mashine mpaka chini ya sahani ikiwa juu. Akampa Pandu.

"Kabla hujatia mkono, tia gogo. Hata kama una haraka. Hata akija nani."

"Fundi, gogo lanichelewesha."

"Na mkono ukikatika utawahi?"

Alhamisi, siku moja kabla ya wageni, sahani ya namba tatu ilianguka. Mimi nilikuwa kwenye kerezo, nikasikia mlio kama wa paa kubomoka. Gogo lilipasuka katikati lakini lilisimama, na sahani ikaegemea upande, ikapinda nguzo moja ya mashine. Pandu mikono yake yote miwili ilikuwa ndani. Aliitoa, akaitazama mbele na nyuma, vidole kumi, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Fundi Badru alikuja, akakishika kichwa cha Pandu, akasema, "Alhamdulillah." Kisha akafungua valvu na kunionyesha pete. Mfereji ulikuwa umechongeka pale pale alipotaraji. Nakumbuka alifurahi kidogo, kama fundi yeyote anayefurahi hesabu ikitoka sawa. Hiyo ndiyo furaha yake ya mwisho niliyoiona mle kiwandani.

Wageni walikuja wakaikuta mashine imepinda nguzo. Meneja aliaibika. Na siku zile kitu hakiharibiki tu, kinaharibiwa. Neno lilikuwa moja mdomoni mwa kila mkubwa: hujuma. Ikakaa kamati ya watu watatu ofisini kwa Meneja, wakawa wanatuita mmoja mmoja. Mezani kwao nililiona lile daftari la ramli.

"Wewe ndiye Makame?"

"Naam."

"Badru alisema mashine haitafika Ijumaa?"

"Alisema."

"Ikavunjika Alhamisi."

"Naam."

"Na gogo alilitia kabla."

"Alilitia kabla."

"Basi alijua."

"Alijua."

Yule wa katikati, mtu mpole wa sura, akaniuliza taratibu, "Alijuaje?"

Swali hilo nimelijibu mara elfu tangu siku ile, peke yangu, kwa ufasaha mkubwa. Ningewaambia, mabwana, nipeni tasbihi twende mashine namba mbili, nitakuonyesheni. Kungechukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Hata mtoto angeelewa. Lakini nilikuwa nalitazama lile daftari, na nusu ya namba zilizokuwemo ziliandikwa kwa mkono wangu. Niliogopa. Na nisiwaongopee, chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kidogo, nilijua nafasi ya fundi mkuu ikiwa wazi ataitwa nani.

"Watu wasema ni ramli," nikajibu. "Ana tasbihi yake, anaihesabu mbele ya mashine. Mie sijui mambo yake."

Yule mpole akaandika. Mwenziwe akasema, "Ramli haivunji chuma. Chuma kinavunjwa na mtu."

Fundi Badru alichukuliwa siku ile ile, na ovaroli yake mwilini. Alikaa ndani miezi. Wiki ya pili mimi nikaitwa fundi mkuu, na watu wakanipa mkono wa hongera, Pandu akiwemo. Tuliinyoosha nguzo ya namba tatu, ikarudi kazini, na jambo la kwanza aliloniamuru Meneja ni kuondoa magogo yote. Alisema yanachelewesha kazi, na yanawatia watu fikra za hujuma. Mabaki ya lile la mfenesi nikayatupa uani, na moja zima alilokuwa amekata la akiba. Kupima geji hakuna aliyetukataza. Mimi mwenyewe niliacha.

Alipotoka nilichelewa kwenda kumwona. Kazini hakurudishwa. Nilimkuta Malindi mlangoni kwake anatengeneza stovu ya mtu, amekonda, shati limefungwa mpaka kooni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Makame." Hakuacha kazi.

"Fundi, nimekuja kuomba radhi."

Alipuliza tundu la stovu, akalielekeza kwenye mwanga. "Namba tatu yashika ngapi sasa?"

"Hatupimi tena."

"Mnatia mafuta gani?"

"Yale yale."

"Na gogo?"

"Limekatazwa."

Hapo akaiweka stovu chini. "Basi usiniombe radhi mie. Mie nshatoka. Kawaombe radhi wenye mikono."

Aliondoka kisiwani baadaye, akaenda Mombasa kwa dada yake, na huko ndiko alikozikwa. Sikumwona tena.

Maneno yake yaliniuma, nikaanza kupima. Lakini nilipima kama mwizi. Nilikuja alfajiri ya Jumatatu kabla ya watu, nikahesabu kwa vidole, sikuandika popote. Wala sikumwambia mtu. Pete ninazibadilisha kwa visingizio, leo nasema springi imelegea, kesho nasema nataka kusafisha. Hivyo nilikwenda muda mrefu, na nikaanza kujiona mwerevu kuliko Badru, mtu anayejua na asiyeshikwa.

Ikaja wiki moja ya kazi nyingi, mbata zimejaa mpaka nje. Jumatatu namba tatu ilishika hesabu ya punje ishirini na mbili. Wiki iliyotangulia ilishika sitini. Sikuhitaji penseli. Nilijua ni Jumatano, au kama mchana ule mabomba hayatapata moto sana, labda Alhamisi. Na Alhamisi ilikuwa Maulidi, kiwanda kimefungwa, ningeingia peke yangu nikabadilisha pete kimyakimya. Nilikuwa nahitaji siku moja tu.

Ningeweza kuisimamisha mashine. Meneja angeuliza sababu, nami ningelazimika kusema najua, na anayejua nilishaona anapelekwa wapi. Ningeweza kulichukua lile gogo la akiba, lilikuwa uani, hatua kumi na tano. Lakini gogo lilishafanywa ushahidi dhidi ya Badru, mbele ya macho yangu. Ningeweza kumvuta Pandu pembeni nikamwambia, ndugu yangu, wiki hii usitie mkono. Pandu angecheka, angesema Makame naye kaanza ramli, na kufika adhuhuri kiwanda kizima kingekuwa na neno. Mnaona nilivyokuwa hodari wa kufikiri. Kila mlango nilioufungua niliufunga mwenyewe.

Jumatano, kabla ya alasiri, sahani ilishuka. Safari hii haikulia kama paa, kwa sababu palikuwa na kitu laini chini yake. Mkono wa kulia wa Pandu ulibaki mle mpaka tulipoinyanyua sahani kwa jeki. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu usoni akaniambia, "Fundi, nitolee." Nikamtolea. Hospitali waliukata juu ya kiwiko.

Kamati ilikaa tena. Yule mpole alikuwepo, kazeeka kidogo.

"Kuna mtu aliyejua?"

"Hapana, bwana. Hakuna aliyejua."

Wakaandika ni ajali. Mimi nikapewa barua ya sifa kwa kumwokoa mwenzangu kwa haraka. Kaisomeni, mke wangu aliitia fremu, na mpaka leo iko ukutani kwa sababu sijapata la kumwambia nikiitoa.

Pandu walimfanya mlinzi wa lango. Jioni moja nilimkuta Forodhani anakula muhogo na pweza. Alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, na kila tonge alijigeuza kidogo, asionekane na watu, kama anayewaomba radhi. Mtu aliyekuwa na mikono ile. Akanikaribisha. Nikakaa.

"Mimi silalamiki, Makame," aliniambia. "Kudra ya Mungu. Ila siku nyingine nasema, laiti yule mzee angekuwepo na ramli yake."

Nilimjibu, "Ndiyo, Pandu. Kudra." Nikamlipia muhogo.

Alikufa akiamini hivyo, na watoto wake aliwaambia hivyo.

Mkuu wa chuo aliponiletea barua yake, aliniambatishia na orodha ya majina yenu, nijue nawaandikia nani. Nilisoma majina yale pole pole, kwa miwani. Moja nililisoma mara mbili, kisha nikauliza kwa watu, wakanithibitishia. Wewe mwenye jina hilo, unajijua, na hapa ulipofika umeshajua nakuambia wewe. Nyumbani kwenu wamekueleza kwamba mkono wa babu yako ulikuwa kudra. Haukuwa kudra. Ulikuwa Jumatano, na mimi nilijua tangu Jumatatu.